Gazeti Lililobadilisha Jina: Lars Johan Hierta na Sheria ya Vibali Nchini Uswidi

Lars Johan Hierta (1801–1872), mzaliwa wa Uppsala, alianzisha gazeti la Aftonbladet jijini Stockholm mnamo Desemba 1830. Sheria ya 1812 iliipa serikali mamlaka ya kufuta kibali cha gazeti pasipo hukumu ya mahakama, na mwaka 1835 mamlaka hayo yaliliangukia Aftonbladet. Gazeti lilipewa kibali kipya, likatoka likiitwa “Aftonbladet la Pili”. Lilipofutwa tena, likawa la Tatu. Nambari ikazidi kupanda. Hapo ndipo udhaifu wa sheria ulipodhihirika: ilifuta jina, ilhali mmiliki, mtambo na wasomaji walibaki palepale. Isitoshe, nambari hiyo iliwatangazia wasomaji marufuku ambayo serikali ingependa isahaulike. Mamlaka hayo yaliondolewa katikati ya miaka ya 1840.

Kwa kuwa Hierta alizaliwa katika ukoo wa makabaila, alikuwa na kiti katika baraza lao bungeni. Humo alipigania kuondolewa kwa bunge la matabaka manne, yaani mfumo uleule uliompa kiti. Bunge hilo lilivunjwa mwaka 1866, miaka 15 baada ya yeye kuliuza gazeti lake.