‘Siku ile’ ni ya nani? Funzo kutoka filamu ya Kitamili ya 1954

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea mswada wa riwaya fupi. Mtu ameuawa sokoni. Mashahidi watano wanasimulia, kila mmoja kivyake, wala hakuna msimulizi maizi wa kuwasawazisha. Nilimrudishia nikiwa nimeandika pambizoni: msomaji atapotea, tafuta msimulizi mmoja wa kuaminika. Sijauona tena mswada huo.

Nimeukumbuka wiki hii baada ya kutazama filamu kongwe ya Kitamili, Andha Naal, iliyotolewa Aprili 13, 1954 huko Madras, jiji linaloitwa Chennai siku hizi, kusini mwa India.

Hebu tuanze na anwani. Katika Kitamili, ‘indha’ huashiria kilicho karibu na ‘andha’ kilicho mbali; ‘naal’ ni siku. Kwa Kiswahili basi ni ‘siku ile’. Wapenzi wa sarufi wanajua kwamba kiashiria hiki hakipimi umbali tu. Nikikwambia ‘siku ile’, nachukulia kwamba tayari unaijua, kwamba tunaikumbuka sote kwa namna moja. Filamu hii inaivunja dhana hiyo vipande vipande.

Kisa kinatokea Oktoba 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Madras ikiwa imeshambuliwa kwa mabomu na Wajapani. Filamu ikianza tu, Rajan, mhandisi wa redio, anapigwa risasi nyumbani kwake. Mpelelezi Sivanandam anawahoji waliomjua: mkewe Usha, nduguye, shemejiye, jirani na kimada wake. Kidole cha lawama kinahama kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Kumbe kila anayemsimulia marehemu anajisimulia mwenyewe!

Mwelekezi wake, S. Balachander, alikuwa na umri wa miaka 27. Alikuwa ameathiriwa na Rashomon (1950), filamu ya Mjapani Akira Kurosawa. Hati iliandikwa na Javar Seetharaman, ambaye ndiye aliyeigiza mpelelezi. Sivaji Ganesan, aliyepata umaarufu kupitia Parasakthi (1952), akapewa nafasi ya maiti. Twamwona akiwa hai katika masimulizi ya wengine tu.

Lakini ujasiri mkubwa zaidi ulikuwa kwingine. Andha Naal ilikuwa filamu ya kwanza ya Kitamili isiyo na wimbo hata mmoja, wala ngoma, wala mapigano. Tena Balachander mwenyewe alikuwa mwanamuziki, bingwa wa kupiga veena! Aliyejua muziki kuliko wengi ndiye aliyeamua kuuacha, ili watazamaji wasikilize maneno. Wahakiki waliisifu, ikatunukiwa hati ya sifa katika tuzo za kitaifa za filamu. Watazamaji, waliozoea nyimbo, hawakuichangamkia. Hata hivyo, Balachander hakukata tamaa. Baadaye alitayarisha mwenyewe filamu nyingine za taharuki, zikiwemo Bommai (1964) na Nadu Iravil (1970).

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Nilidhani wasimulizi wengi ni sawa na kuukana ukweli. Rashomon kweli inatuacha na shaka. Andha Naal haifanyi hivyo: mwishoni muuaji anajulikana (simtaji, nisikuharibie uhondo). Ila tunamfikia baada ya kupitia ‘siku ile’ ya kila mmoja, uongo wake, kijicho chake na uchungu wake. Mtazamaji hapotei, anafanyishwa kazi tu. Sisi walimu, kwa kumwonea huruma msomaji, aghalabu tunamnyima kazi hiyo, kisha tunalalamika kwamba fasihi yetu haijaribu mapya.

Juzi nilimpigia simu mwanafunzi yule nikamwomba radhi kwa nilichomwandikia pambizoni. Akanyamaza kidogo.

“Profesa, hayo ya pambizoni hata siyakumbuki. Ninachokumbuka ni ulivyosema siku ile ofisini, kwamba hii si riwaya.”

Mimi sikumbuki kabisa kutamka maneno hayo. Lakini baada ya filamu hii, sina ujasiri wa kumwambia amekosea. Nimemsihi autafute mswada, na safari hii nitausoma bila kalamu mkononi.