Kutoka kibarua hadi mshahara wa mwezi: Dar es Salaam ilivyobadilika, 1947 hadi 1967

Vingunguti iko Wilaya ya Ilala, kati ya Bonde la Msimbazi na Barabara ya Nyerere, ambayo zamani ilikuwa Pugu Road. Wengi mnaijua kwa machinjio yake. Viwanda viko karibu, na asubuhi wapo vijana wanaopita getini kuuliza kazi ya kutwa. Tunawaita vibarua. Katika makala haya tunaeleza neno hilo lilikotoka, na jinsi miaka 20 ilivyobadili kazi, biashara, usafiri na elimu ya juu jijini.

Kibarua na manamba

Kibarua ni barua ndogo. Mtu wa kutwa alipewa kadi ya kuonyesha siku alizofanya kazi, na jina la kadi likamhamia yeye mwenyewe. Wenzake waliokwenda kukata mkonge mashambani waliitwa manamba, kwa sababu walitambuliwa kwa namba.

Kazi nyingi bandarini zilikuwa za vibarua. Meli ikija kuna kazi, isipokuja hakuna. Vita Kuu ya Pili ilipandisha bei za chakula na nguo, lakini mishahara ikabaki nyuma. Septemba 1947 makuli wa bandari waligoma. Wafanyakazi wa reli wakawaunga mkono, na mgomo ukafika miji ya bara kando ya reli ya kati. Makuli walipata nyongeza na wakaunda chama chao, ila chama hicho kilivunjwa mwaka 1950 baada ya mgomo mwingine ulioleta ghasia.

Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika shirikisho, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Mwaka 1957 serikali iliweka kima cha chini cha mshahara kwa Dar es Salaam.

Nani alifaidika?

Mwajiri anayelipa zaidi huajiri wachache na huwabakiza. Aliyepata kazi ya mwezi aliweza kuleta mke na watoto mjini. Aliyekosa, mara nyingi hakurudi kijijini. Aliuza maji, matunda au mkaa, akajenga pembezoni. Jiji lilikuwa na watu wapatao 69,000 mwaka 1948, na zaidi ya 272,000 mwaka 1967.

Kukaa mbali na kazi kulihitaji basi. Kampuni ya DMT ilianza mwaka 1949. Mwaka 1974 kazi yake iligawanywa: UDA ikachukua mabasi ya mjini, KAMATA ikachukua ya mikoani.

Baada ya uhuru mishahara ilipanda tena, lakini nguvu ya kugoma ilipungua. Mwaka 1964 vyama vyote vilivunjwa, ikabaki NUTA peke yake, na katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki na makampuni makubwa ya biashara yalitaifishwa.

Wasomi nao

Chuo Kikuu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo makato ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alitaka wasomi wakumbuke kwamba mkulima kijijini ndiye anayewalipia.

Ukimtuma kijana mjini leo

Mwulize kwanza: ni kazi ya kutwa au ya mwezi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, isipokuwa anayemfanyia kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Aidai karatasi hiyo na aitunze. Siku ya mgogoro, ndiyo itakayoonyesha walikubaliana nini.