Obama Kabla ya Ikulu: Vile Alipata Kiti cha Kwanza, Akachapwa 2000, na Bado Akapanda

Ukitaja Obama hapa Kenya, stori inaruka moja kwa moja hadi Novemba 2008, ile wiki Kibaki alitupea holidei juu ya uchaguzi wa nchi ya wenyewe. Wachache wanajua kuwa kabla ya White House, na hata kabla ya Seneti ya Washington, msee alikuwa amekaa karibu miaka 8 kwa bunge la jimbo la Illinois, akipanda gari kutoka Chicago hadi Springfield, zaidi ya kilomita 300, kupiga kura kuhusu mambo ambayo hakuna mtu alikuwa anaonyesha kwa TV.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo kazi. Marekani kila jimbo lina bunge lake, lenye sheria zake za polisi, mahakama, shule, hospitali na ushuru. La Illinois lina Wawakilishi 118 na Maseneta 59. Ukitaka kulinganisha na huku, mchukue MCA, lakini umpe nguvu ya kuamua ni kosa gani linampeleka mtu jela na kwa miaka mingapi. Jina ni kubwa, ila mshahara si wa kutingisha, ndiyo maana Obama aliendelea kufundisha sheria ya katiba pale Chuo Kikuu cha Chicago huku akiwa mheshimiwa.

Kiti chake kilikuwa cha 13, upande wa kusini wa Chicago. Hyde Park ya maprofesa iko ndani, na mitaa ya watu weusi wanaohangaika na kodi ya nyumba pia iko ndani.

Kiti kilifunguka kwa skendo ya mtu mwingine

Mwaka 1995 mbunge wa Congress aitwaye Mel Reynolds alipatikana na hatia ya makosa ya ngono na msichana aliye chini ya umri, akajiuzulu. Alice Palmer, seneta wa jimbo aliyekuwa anashikilia kiti cha 13, akaamua kurukia kile cha Congress. Kwa hivyo chake kingebaki wazi. Palmer mwenyewe akamwonyesha Obama kwa watu kama mrithi wake. Obama alikuwa na miaka 34, amemaliza Harvard, ameshatoa kitabu, na mwaka 1992 alikuwa ameongoza kampeni ya kusajili wapiga kura iliyoingiza zaidi ya watu 100,000 kwa daftari. Septemba akatangaza rasmi kuwa anataka kiti.

Halafu mambo yakaharibika. Novemba 1995 Palmer akapigwa kwa mchujo na Jesse Jackson Jr., tena akamaliza wa tatu. Mara ghafla anataka kiti chake cha zamani kirudi. Wazee wa mtaa wakamwita Obama wamwambie apishe mama, zamu yake itafika. Akakataa. Upande wa Obama ulisema Palmer alikuwa amekubali kutorudi hata akishindwa, upande wa Palmer ukaona kijana amekosa heshima. Hiyo kinyongo haikuisha haraka. Mwaka 2008, Palmer alimpigia kampeni Hillary Clinton.

Sasa sikiza hii sehemu ya saini, kwa sababu hapo ndipo kiti kilipatikana. Kuingia kwa karatasi ya mchujo, mgombea alihitaji saini 757 za wapiga kura waliosajiliwa ndani ya eneo hilo. Palmer alikuwa na siku chache tu za kukusanya, akapeleka karibu 1,580. Ukiangalia haraka unasema mama ako sawa, ana mara mbili. Timu ya Obama haikuangalia haraka. Walikaa na daftari la wapiga kura wakapitia jina baada ya jina. Huyu amehama, toa. Huyu anaishi ng'ambo ya mpaka wa eneo, toa. Huyu ameandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini yake, toa. Walipomaliza, Palmer alikuwa amepungukiwa na karibu saini 200, akajitoa.

Hawakuishia kwa Palmer. Kulikuwa na wagombea wengine watatu, na wote saini zao zilipitiwa hivyo hivyo. Mmoja, Gha-is Askia, alipeleka 1,899 na bado akakosa kuvuka kwa 69. Siku ya mchujo ilipofika, Machi 1996, jina lilikuwa moja tu kwenye karatasi.

Buda, fikiria hiyo. Mtu aliyejenga jina kwa kusajili watu wapige kura, uchaguzi wake wa kwanza kabisa alihakikisha wapiga kura hawana wa kuchagua. Ilikuwa halali asilimia mia, sheria ndivyo ilivyosema, na Obama mwenyewe aliitetea hivyo. Wengine bado wanaiona kama ujanja wa wakili. Mimi naona zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Na kama unadhani hayo ni ya huko tu, Katiba yetu inamtaka mgombea huru wa MCA awe na angalau wapiga kura 500 wa wadi yake wanaomuunga mkono. Msee anayepanga kusimama 2027 na anakusanya majina kwa base bila kuuliza mtu kama amesajiliwa kwa hiyo wadi, ajue kuna wakili mahali anangojea hiyo karatasi.

Novemba 1996 ilikuwa mteremko. Eneo lote ni la Democratic, akabeba asilimia 82 dhidi ya mgombea wa Republican na mwingine wa chama kidogo kilichobeba jina la Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago. Januari 1997 akaapishwa.

Springfield: poka, kitufe cha tatu na miaka ya ukame

Republican walikuwa wameshika Seneti ya Illinois, kwa hivyo mswada wa mtu wa upinzani ulikuwa unakufa kabla hujasomwa. Maseneta wengine weusi wa Chicago walimtania sana, wakimuona mtoto wa Harvard aliyekuja na Kiingereza kirefu. Kilichomsaidia ni kukaa chini na watu. Alijiunga na kundi la kucheza poka la maseneta na mawakala wa biashara, Republican na Democratic wakiwa meza moja. Mwaka 1998 alikuwa mmoja wa waliosukuma sheria ya kuzuia wanasiasa kupokea zawadi, na ilipita. Mwaka huo huo akachaguliwa tena kwa asilimia 89.

Kuna kitu kingine kuhusu hiyo miaka ambacho wapinzani wake walikuja kukitumia sana. Kwenye bunge la Illinois kuna vitufe vitatu: ndiyo, hapana, na nipo. Hicho cha tatu kinahesabika kwa mswada kama hapana, lakini hakikuchafui jina sana. Obama alikibonyeza karibu mara 130 kati ya kura kama 4,000. Mara nyingine ilikuwa mpango wa chama kizima, hasa kwa miswada ya uavyaji mimba, mara nyingine alikuwa na shaka na maneno ya sheria yenyewe. Na mara nyingine, ukiniuliza, ilikuwa njia ya kutokanyaga moto.

Mwaka 2000: kuchapwa bila huruma

Bobby Rush alikuwa mbunge wa Congress wa eneo hilo tangu 1993. Kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa Black Panther kule Illinois. Mapema 1999 Rush alijaribu kiti cha umeya dhidi ya Richard Daley, akalambishwa sakafu. Obama akaona dosari kwa ukuta, akaamua kuingia.

Ilikuwa hesabu mbaya tangu mwanzo. Watu wa kusini mwa Chicago walimjua Rush, walimpenda, na walikuwa wanamwona huyu mwingine kama mtu wa chuo kikuu. Kulikuwa na minong'ono kuwa hana weusi wa kutosha. Halafu Oktoba 1999 kijana wa Rush alipigwa risasi na akafa, na kampeni ikawa ni maombolezo. Utamshambulia vipi mzee anayezika mtoto wake?

Desemba ikaja mbaya zaidi. Gavana aliita kikao maalum cha bunge kuhusu sheria ya bunduki. Obama alikuwa Hawaii na familia, mtoto wake Malia akawa mgonjwa, akabaki. Mswada ukaanguka, na magazeti ya Chicago yakamkaanga. Yaani mtaa unalia juu ya risasi, mheshimiwa ako baharini. Hata kama sababu ilikuwa mtoto mgonjwa, hiyo picha huwezi kuifuta. Rais Bill Clinton naye akamuunga Rush mkono.

Machi 21, 2000: Rush asilimia 61, Obama 30. Donne Trotter, seneta mwenzake wa jimbo, alikuwa wa tatu kwa mbali. Hiyo 61 kwa 30 ndiyo uchaguzi pekee ambao Obama alishindwa maisha yake yote ya siasa. Agosti mwaka huo alienda Los Angeles kwa kongamano la chama. Kadi yake ya benki ikakataliwa alipotaka kukodisha gari, na pasi ya kuingia ukumbini hakuwa nayo. Alirudi nyumbani kabla ya kongamano kuisha.

Jina lenyewe halijawahi kuwa tiketi ya bure, hata huku. Ndugu yake Malik Obama aligombea ugavana wa Siaya mwaka 2013, nyumbani kabisa, na hakufikisha kura 3,000.

Ramani mpya, mwenyekiti mpya

Nafikiri hapa ndipo wengi hupitwa. Kilichomfufua Obama kilianza na bahati nasibu. Illinois wakikosa kuelewana juu ya mipaka mipya ya uchaguzi, jina la chama kitakachoamua huchorwa. Mwaka 2001 likachorwa jina la Democratic. Mipaka ikachorwa upya, na eneo la Obama likanyooka kaskazini kando ya ziwa hadi karibu na katikati ya jiji, kwa matajiri wanaochangia kampeni. Bado alikuwa na watu wake wa kusini, na sasa akawa na wapiga kura wenye mifuko pia. Mwaka 2002 alichaguliwa tena bila mpinzani, na Oktoba hiyo hiyo akasimama katikati ya Chicago kupinga vita vya Iraq.

Novemba 2002 Democratic wakashika Seneti ya jimbo. Emil Jones, mzee wa mtaa aliyeanzia kazi za mifereji ya maji ya jiji, akawa rais wa Seneti. Jones akampa Obama uenyekiti wa kamati ya afya, akampa na miswada mizito. Maseneta waliokuwa wameisukuma hiyo miswada kwa miaka wakanung'unika, na walikuwa na haki ya kununa.

Lakini mmoja ni lazima umpe heshima yake. Tangu 1977 Illinois ilikuwa imewaua wafungwa 12 waliohukumiwa kifo, na imewaachilia 13 waliogundulika kuwa hawakustahili kuwa pale. Polisi wa Chicago walikuwa na historia ya kutesa watu hadi wakubali makosa. Obama akaleta mswada wa kulazimisha polisi warekodi mahojiano ya kesi za mauaji. Polisi hawakuutaka, waendesha mashtaka hawakuutaka, na gavana mpya alikuwa amesema anaupinga. Akakaa nao chini, kikao baada ya kikao, akibadilisha neno hapa na pale. Seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya kupinga, na Julai 2003 gavana akautia sahihi. Illinois ikawa jimbo la kwanza ambalo bunge lake lilipitisha sheria kama hiyo. Aliongeza nyingine ya kufuatilia madereva wanaosimamishwa na polisi kwa sababu ya rangi yao. Ukiwa umeshasimamishwa na karao usiku na hujui umefanya nini, unaelewa mara moja hiyo ni sheria ya nini.

2004: seneta anatafuta useneta

Kiti cha Seneti ya Marekani kilipobaki wazi, Democratic saba waliingia kwa mchujo. Blair Hull, tajiri, alimwaga karibu dola milioni 29 za mfuko wake. Wiki chache kabla ya kura, karatasi za talaka yake zikafunguliwa, mambo yakamwendea segemnege. Obama akabeba asilimia 53, dhidi ya watu sita. Juni, mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye akajitoa baada ya karatasi zake za talaka kufunguliwa. Talaka mbili kwa kiti kimoja! Republican wakamleta Alan Keyes kutoka Maryland, mtu ambaye hakuwa hata mkaazi wa Illinois. Novemba 2 matokeo yakawa 70 kwa 27.

Kumbuka kuwa alipopanda jukwaa Boston Julai 27, 2004, ile hotuba iliyofanya dunia iulize huyu ni nani, kazi yake rasmi bado ilikuwa hii ya Springfield. Mwaka huo huo EABL walitoa bia ya Senator Keg kwa wasee wa bei ya chini, na haikuchukua muda watu kwenye baa wakaanza kuagiza Obama. Nina uhakika wengi waliokuwa wanaagiza hawakujua kuna useneta wa aina mbili.

Siku mbili baada ya kushinda, alijiuzulu kiti cha 13. Kilipewa Kwame Raoul, wakili aliyezaliwa Chicago na wazazi kutoka Haiti, akakikalia hadi Januari 2019, alipoapishwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois.