Hema jepesi na mvua: Je, mishono yahitaji kuzibwa?

KIPSING, katika Kaunti ya Isiolo, ni eneo kame, lakini mvua ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba huweza kushuka kwa kishindo. Katika hema jepesi la kubebwa mgongoni, kila tundu la sindano kwenye mshono ni njia ya maji.

Hema lililopakwa poliyurethani kwa kawaida huzibwa mishono kiwandani kwa utepe, ambao hubanduka kadiri linavyozeeka. Naironi iliyopakwa silikoni pande zote mbili haishiki utepe huo. Mwenye hema hana budi kuipaka mishono gundi ya silikoni, wala si gundi nyingine, na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kulikunja.

Matone ya alfajiri, hata hivyo, mara nyingi ni pumzi za waliolala. Hayo huondolewa kwa kupitisha hewa.