Programu za afya mahali pa kazi

Programu za afya mahali pa kazi ni mipango ya mwajiri ya kuwakinga wafanyakazi na magonjwa sugu yasiyoambukiza, hasa shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo. Kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ilianza ya kwake mwishoni mwa miaka ya 1970. Nchini Tanzania, mwongozo wa utumishi wa umma wa mwaka 2014 uliyashughulikia magonjwa hayo pamoja na VVU na UKIMWI. Michezo ya SHIMIWI nayo huwakutanisha watumishi wa wizara katika netiboli na kuvuta kamba.

Shughuli zenyewe ni za kawaida: kupima presha na sukari, kukataza sigara, kupunguza chumvi na mafuta kantini. Soda na maandazi ya vikaoni, kwa bahati mbaya, huachwa palepale.

Faida zake zimepigiwa chapuo kupita kiasi. Jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois lililoanza 2016, lenye wafanyakazi karibu 5,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu, halikuona gharama za matibabu zikipungua baada ya mwaka mmoja. Waliojiunga kwa hiari walikuwa na gharama ndogo kuliko wenzao hata kabla ya kuanza.