Fedha Yenye Mkataba Ndani Yake

Leo tunatazama historia ya fedha isiyoshikika mkononi.

Bitcoin ilianza mwaka 2009. Hesabu zake huandikwa katika daftari moja, na nakala zake huwekwa katika kompyuta nyingi duniani. Aliyeibuni aliipa amri chache tu, hasa za kumtolea huyu na kumpa yule. Uchache huo ulikuwa kinga.

Mwaka 2015 ikatokea Ethereum. Hiyo iliruhusu mtu yeyote kuandika mkataba ndani ya daftari lenyewe, nao ukajitekeleza bila karani wala hakimu. Faida yake kubwa, sikatai.

Mwaka 2016 watu wakachanga mfuko humo, ukaitwa The DAO. Mkataba wake ulikuwa na kosa. Fikirini mweka hazina wa upatu anayelipa kwanza, ndipo aandike. Mjanja hupokea, na kabla kalamu haijagusa karatasi huomba tena, na tena. Tarehe 17 Juni mtu alifanya vivyo hivyo, akachota sarafu zaidi ya milioni 3. Hakuvunja kufuli, mkataba ndio uliomlipa!

Julai wengi walikubali daftari lisahihishwe, fedha irudi. Wengine walikataa kata kata: likibadilishwa leo, nani ataliamini kesho? Wakabaki na lao, Ethereum Classic.

Hapa kwetu, Novemba 2019, Benki Kuu ya Tanzania iliwaonya wananchi juu ya fedha za namna hii.

Sasa mwalimu awaulize: katika upatu wenu, huandikwa kwanza au hulipwa kwanza?