Mji Uliochonga Farasi: Historia ya Karakana ya Herschell

Mji wa North Tonawanda uko magharibi mwa jimbo la New York, pale Mfereji wa Erie unapokutana na Mto Niagara. Mali ya mji huu ilikuwa mbao. Baada ya mfereji kufunguliwa mwaka 1825, shehena za mbao kutoka Maziwa Makuu ya Amerika zilipitia hapa kuelekea jiji la New York, hata mwishoni mwa karne ya 19 watu wakauita Mji wa Mbao. Anayetaka kujua kwa nini farasi wa mbao wa bembea za kuzunguka walizaliwa hapa, na aanzie bandarini.

Allan Herschell alizaliwa Scotland mwaka 1851, akahamia Marekani akiwa kijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alianzisha kiwanda pamoja na mshirika wake Armitage, wakitengeneza boila na injini za mvuke. Inasimuliwa kwamba katika safari moja ya New York aliiona bembea ya farasi ikizunguka na watu wakipanga foleni kuipanda. Aliporudi akataka kiwanda kitengeneze yake, ingawa wenzake hawakuiona faida iliyomo. Mwaka 1883 bembea ya kwanza ikatoka, ikizungushwa na mvuke, kazi ambayo mafundi wake waliijua vizuri. Kufikia 1891, kiwanda kilikuwa kikitoa karibu bembea moja kwa siku.

Bembea bila muziki haikuvuta watu, na vinanda vilitoka Ulaya kwa ushuru mzito. Basi mapema miaka ya 1890 akaja Mjerumani Eugene de Kleist, akajenga kiwanda cha vinanda papo hapo mjini. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 kiwanda hicho kilichukuliwa na Wurlitzer, jina lililokuja kuvuma kote Marekani. Ndivyo ufundi mmoja ulivyouita mwingine: seremala akamhitaji mfua vyuma, naye akamhitaji mtengeneza vinanda.

Kampuni ya Herschell na Armitage ilipoyumba, Herschell aliungana na Edward Spillman, wa ukoo wa mkewe, mnamo 1900. Bembea za Herschell-Spillman zilibeba wanyama wa kila namna, jogoo, pundamilia, hata chura aliyevishwa koti. Moja ya mwaka 1914 ingali inazunguka katika bustani ya Golden Gate, San Francisco. Herschell alijitoa mwaka 1911 kwa sababu ya afya, lakini hakustahimili kukaa mbali na kazi. Mwaka 1915 akafungua kampuni nyingine kwa jina lake mwenyewe, katika Mtaa wa Thompson. Alifariki mwaka 1927.

Majengo ya Mtaa wa Thompson ndiyo makumbusho ya leo, yaliyofunguliwa mwaka 1983, miaka mia moja tangu bembea ile ya kwanza. Ni makumbusho madogo, lakini mgeni anatembea katika sakafu zilezile walizosimama wachongaji, na anaingia katika jengo la duara ambamo bembea ziliunganishwa na kujaribiwa kabla ya kusafirishwa.

Msogelee farasi mmoja ambaye hajapakwa rangi, utaujua ufundi wote. Kiwiliwili chake si gogo zima. Ni mbao zilizogundishwa kuwa sanduku lenye uwazi ndani, ili asiwe mzito wala asipasuke ubao unapokauka. Kichwa na miguu vilichongwa mbali, vikaja kuunganishwa. Kulikuwa na mashine iliyofuata umbo la kielelezo na kuchonga vipande kadhaa kwa mkupuo, lakini ilitoa umbo la mwanzo tu. Baada ya hapo patasi na msasa vilikuwa mikononi mwa watu, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya. Mkia ulikuwa wa singa za farasi halisi.

Mtazame sasa upande wa kulia. Mapambo mazuri ya tandiko na hatamu yako huko, na upande wa kushoto hauna urembo mwingi. Bembea za Marekani huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo ubavu wa kulia ndio unaowakabili watazamaji. Uingereza huzunguka upande wa pili, na wachongaji wa huko walipamba ubavu wa kushoto. Tazama pia miguu: imekunjwa karibu na tumbo. Bembea za Herschell zilihama kutoka maonyesho ya kilimo ya wilaya moja hadi nyingine, na farasi asiyetanua miguu hupangwa vizuri kwenye behewa na havunjiki upesi.

Miaka ya 1930 ilileta alumini. Kwanza kichwa na miguu vikawa vya alumini juu ya kiwiliwili cha mbao, baadaye farasi mzima akamiminwa katika kalibu. Alihimili mvua na mateke ya watoto, lakini mchongaji hakuwa na kazi tena. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ilihamia Buffalo, na mwaka 1970 ikauzwa kwa kampuni ya Chance ya Wichita, Kansas. Katika miaka iliyofuata, bembea nyingi za kale za Marekani zilivunjwavunjwa, farasi wakauzwa mmoja mmoja kwa matajiri wa kukusanya vitu vya kale.

Hapo ndipo ninapoiona thamani kubwa ya makumbusho haya. Farasi aliyening'inizwa sebuleni kwa tajiri ni pambo zuri, lakini hawezi kumwambia mtu alikotoka. Katika Mtaa wa Thompson, farasi yuko pamoja na patasi zilizomchonga na mitambo ya Wurlitzer ya kutoboa karatasi za muziki. Na bembea ya mwaka 1916 ingali inapandwa na watoto. Gia zikisimama, lazima awepo anayejua kuzitengeneza. Rangi ikibanduka, lazima awepo anayejua kuipaka. Matumizi ndiyo yanayoulazimisha ujuzi urithishwe. Mji wowote unaotaka kuhifadhi ufundi wake, wa majahazi, wa milango au wa ngoma, na ufuate njia hiyo: uihifadhi karakana pamoja na kazi yake, na uiache kazi iendelee kutumika.